Madirisha Manane na Kichwa cha Mvua

Kwenye ukumbi wa pasi walimwita Mvua, naye aliitika. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mikono ya kazi, mdomo usioazima maneno. Makwapa yake yalikuwa makavu na viganja vyake vikavu. Kichwa ndicho kilichovuja. Jasho lilianzia utosini, likapita katikati ya nywele, likazunguka nyuma ya masikio na kukusanyika kwenye nyusi. Likishafika hapo halina pengine pa kwenda ila chini, na chini palikuwa na shuka jeupe la hoteli au la hospitali, lililokwisha kufuliwa, kukamuliwa na kutiwa wanga. Tone likianguka kwenye wanga na pasi ikapita juu yake, linabaki doa la manjano la ukubwa wa kifungo cha shati, na shuka linarudishwa kuanza safari upya.

Kwa hiyo alijifunza kupiga pasi akiwa ameinamisha shingo pembeni, kama kuku anayesikiliza. Aliinamisha miaka kumi na sita, mpaka bega moja likapanda juu ya jingine. Hata barabarani ungemjua kwa bega hilo.

Kiwanda kile cha dobi kilikuwa na meza kumi na nne za pasi, mabomba ya mvuke yaliyopita juu ya vichwa, watu thelathini na mmoja kwa zamu, na madirisha manane yaliyopigiliwa misumari. Habari ya madirisha hayo ni vizuri isemwe mapema, maana watu husahau upesi yale ambayo wakubwa wangependa yasahaulike. Miaka mitatu nyuma mashuka mia mbili yalipotea. Wakubwa wakasema wapiga pasi wameyarusha nje kupitia madirishani. Seremala akaitwa, akapigilia misumari ya inchi nne madirisha yote manane kwa asubuhi moja. Haikupita miezi miwili ikajulikana kwamba mashuka yalitoka kwa mlango mkubwa, mchana kweupe, kwenye gari la msimamizi wa bohari, ambaye ni mpwa wa mtu fulani mkubwa. Mpwa akahamishiwa tawi jingine. Hakuna aliyesema samahani, na misumari ikabaki palepale.

Mwaka wa tatu wa misumari hiyo, joto lilipozidi, binti wa mashine ya kukamulia alianguka akiwa na foronya mkononi. Walimmwagia maji, akaamka, akaomba asiandikwe utoro. Siku hiyo ukumbi ukasema imetosha, achaguliwe mtu wa kwenda kwa Meneja.

Walikuwa na desturi yao ya kuchagua. Shuka hutundikwa katikati ya uwanja wa kuanikia, na nyuma yake hufungwa kamba mbili, kila mgombea na yake. Kila mfanyakazi hupita peke yake nyuma ya shuka akiwa na kibanio kimoja cha nguo, akakibana kwenye kamba anayoitaka, akatoka upande wa pili. Hakuna anayemwona mwenzake, na vibanio havisemi. Mara ile kamba ya Mvua ilijaa mpaka ikalegea katikati. Walimtaka kwa sababu ya kumbukumbu yake. Alijua ni lini saa za ziada zilianza kuitwa kujitolea, na ni nani alikuwepo. Bibi Wanga, mama mtu mzima aliyekoroga wanga kwenye kiwanda kile kwa miaka ishirini na miwili, alizoea kusema, "Huyu ukimkanyaga leo, atakukumbusha kidole gani."

Bibi Wanga huyohuyo ndiye aliyemwelekeza vibaya, kwa mapenzi yote.

"Mwanangu," alimwambia siku moja kabla ya kikao, "ofisi ya Meneja iko juu ya boila. Mle ndani hata mkavu analowa. Utafanyaje na hicho kichwa?"

"Nitajifuta."

"Utajifuta mpaka lini? Sikiliza. Shuka likitiwa wanga, linakunywa maji?"

"Halinywi haraka."

"Basi. Kitu kinacholowa kipewe wanga. Upake mkavu, kwenye mizizi ya nywele, ufunge kitambaa cha nailoni, ukaze. Na tangu leo mchana usiguse maji. Mtu hawezi kutoa asichoingiza."

Mtu wa nje angecheka. Lakini watu wanaoishi na wanga kuanzia asubuhi mpaka jioni, wanaopima ubora wa kila kitu kwa jinsi kinavyokataa maji, hawakuona cha kuchekesha. Wapiga pasi wanne walisimama hapo, na wote wanne walitikisa kichwa kukubali kwamba Bibi kasema kweli.

Kesho yake Mvua akapanda ngazi akiwa na koo kavu, kichwa kimebanwa kama mzigo, na gramu mia za wanga wa mashuka utosini.

Meneja alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye feni moja ndogo iliyomtazama yeye peke yake. Aliagiza chai. Kila kikao aliagiza chai, ikaja inafuka, na mgeni asingeweza kuikataa bila kuonekana hana adabu. Mvua akanywa. Akaanza vizuri: watu thelathini na mmoja, madirisha manane, mtu mmoja kaanguka. Alipofika kwenye habari ya mpwa, akasikia kitu kizito kinatambaa kwenye paji la uso. Halikuwa jasho tu. Jasho lilikuwa limekutana na wanga, joto likavipika, na uji mweupe ukaanza kushuka kwenye nyusi zake kwa utaratibu.

"Mama, uko salama?" Meneja akauliza.

"Niko salama. Nilikuwa nasema madirisha."

"Ulikuwa unasema mashuka yalitoka na gari. Gari gani, tarehe gani?"

Tarehe aliijua. Aliijua kama siku aliyojifungua. Lakini ulimi ulikuwa umenata, kichwa kilipiga kama nyundo, na uji ulikuwa umefika jichoni na unawasha. Akafunga jicho moja. Akafungua mdomo, tarehe haikuja. Meneja akamsogezea karatasi za kujifutia, sanduku zima, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko tusi. Kisha akaandika.

Alichoandika kilibandikwa kwenye ubao wa matangazo Jumatatu. *Mwakilishi alionekana kuwa na hofu na kutokwa na jasho jingi alipoombwa ushahidi. Hoja ya madirisha haikuthibitishwa.*

Watu walisoma mara mbili mbili. Wengine walisoma kimya, na hao ndio waliomuumiza zaidi. Dereva wa gari la kukusanya nguo yeye alisoma kwa sauti. Alikuwa kijana mtanashati, kola imekauka, siku nzima upepo wa dirisha la gari uko shavuni. Walimwita Nyota.

"Mimi sina ubaya na dada," Nyota alisema. "Ila mkubali, huwezi kupeleka ndoo iliyotoboka kuchota maji. Mtu mkweli hatoki jasho."

"Na wewe utaenda kusema nini?" mmoja akamuuliza.

"Nitasema kinachosemeka. Tuombe feni moja. Tukianza na madirisha manane tutapata sifuri."

"Feni ya kuzungusha mvuke."

"Feni ni feni, kaka."

Yakafikiwa makubaliano ya aibu: kikao kingine kilikuwa baada ya wiki tano, wiki moja kabla yake vibanio vitapigwa tena, kati ya Mvua na Nyota. Bibi Wanga hakula chakula cha mchana siku hiyo. Alikaa kwenye pipa la wanga, mikono mapajani. "Nimekuua, mwanangu," akasema. Mvua akamwambia hakufa, na yeye mwenyewe ndiye aliyekubali kupakwa.

Nyumbani, binti yake alimkalisha chini mbele ya kiti. Alikuwa msusi, kazi aliyoianza baada ya shule kukatika, na alizijua ngozi za vichwa kama mama yake alivyojua mashuka. Alipitisha chanuo mara moja, akasimama.

"Mama, hiki kigumu ni nini?"

"Wanga."

"Wa mashuka?"

"Wa mashuka."

"Na pasi ulijipiga mwenyewe, au kuna aliyekusaidia?"

Mvua akacheka bila kutaka. Binti akaloweka, akachambua, akatoa vipande kama magamba. Chini ya wanga ngozi ilikuwa nyekundu, imechubuka pale kitambaa kilipokaza.

"Mama, mimi nina wateja wawili wenye kichwa kama chako. Mmoja alikuwa anabadilisha wigi mara tatu kwa siku. Siku hizi habadilishi. Alikwenda kuonwa na daktari wa ngozi."

"Jasho tu niende hospitali? Watanicheka."

"Wewe kiwanda kizima kimekucheka na bado unakwenda kazini. Daktari mmoja akucheke utashindwa?"

Alikwenda Alhamisi, akakaa kwenye benchi kuanzia saa moja asubuhi. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, na hakucheka. Aliuliza maswali mengi, moja baada ya jingine. Je, jasho linatoka usiku akiwa amelala? Halitoki. Amekonda ghafla? Hapana. Moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, anakojoa sana, ana kiu isiyoisha? Hapana. Siku zake za mwezi zimebadilika? Bado. Anakunywa dawa yoyote? Ya kichwa tu, mara mojamoja. Kuna mtu wa ukoo mwenye hali hiyo? Baba yake, marehemu, alikuwa na taulo shingoni hata msibani.

"Na wewe lilianza lini?"

"Nilikuwa na miaka tisa." Hili lililofuata hakuwahi kumwambia mtu. "Chaki zilipotea darasani. Mwalimu akatupanga mstari, akapita anatutazama. Akasema mwizi anajulikana kwa jasho. Nikachapwa mimi. Chaki zilikuwa kabatini kwake."

Daktari akaacha kuandika. "Alikuja kukuomba radhi?"

"Yuko hai. Namsubiri."

Walipima sukari, walipima damu kwa ajili ya tezi ya shingo. Aliporudi wiki iliyofuata majibu yalikuwa safi, na daktari akamweleza kwa maneno ambayo Mvua aliyabeba mpaka nyumbani bila kumwaga hata moja.

"Mama, hili ni jasho la kupindukia. Wenzako wapo wengi, wanajificha tu. Jasho lina kazi yake, kupoza mwili. Mishipa ya fahamu ndiyo inayoziamuru tezi za jasho zifanye kazi. Kwako wewe, mishipa ya kichwani inatoa amri kubwa kuliko haja. Joto kidogo, chai ya moto, pilipili, macho ya watu, basi inafungulia bomba lote. Sio woga unaoleta jasho. Mara nyingi jasho ndilo linaloanza, halafu mtu anaogopa kwa kuwa linaonekana, na hofu hiyo inaliongeza. Mnazunguka hivyo, wewe na kichwa chako."

"Linatibika?"

"Linapungua. Sitakudanganya kwamba litakwisha."

Akampa dawa ya kupaka, maji yenye chumvi ya alumini. Masharti yalikuwa haya: ipakwe usiku kabla ya kulala, ngozi ikiwa kavu kabisa, isipakwe kichwa kibichi wala chenye mchubuko, ioshwe asubuhi. Asubuhi jasho limeshaamka, dawa haina pa kuingia. Usiku tezi zimetulia, inapenya na kuziba midomo yake. Kwanza kila usiku, akiona nafuu mara mbili kwa wiki. Asubiri mchubuko upone ndipo aanze. Nailoni aiache, avae kitambaa chepesi cha pamba, abebe cha pili. Na maji anywe.

"Wenzangu wanasema nikinywa nitavuja."

"Usipokunywa utavuja vilevile, kisha utaanguka."

Mvua akamwambia habari ya aliyeanguka. Akaeleza ukumbi, mabomba, misumari. Daktari akasikiliza mpaka mwisho.

"Kuna vidonge," akasema. "Vinakausha vizuri, ingawa na mdomo unakauka. Lakini sikupi. Vidonge hivyo vinafunga jasho la mwili mzima. Mtu aliyefungwa jasho, ukamweka kwenye mvuke kama huo, mwili hauna pa kupoea. Utapata joto la kuua. Siku utakayofanya kazi mahali penye hewa, njoo tuzungumze." Akaandika barua, akapiga muhuri. "Hii mpe mwajiri wako."

Wiki tatu zilizofuata binti alifanya kazi ya usiku kabla mama yake hajalala: akigawa nywele mstari kwa mstari kwa ncha ya chanuo, akipaka dawa kwa pamba. Nywele walizikata fupi. Dawa iliwasha siku za mwanzo kama chungu wanatembea. Siku ya kumi na mbili Mvua alipiga pasi mashuka arobaini na hakuharibu hata moja mpaka saa tano. Saa sita mvuke ulipozidi, kichwa kilianza tena, ila sasa kilikuwa kinatoa jasho kama vichwa vya watu. Alibadilisha kitambaa, akaendelea. Ilikuwa nusu. Aliridhika na nusu kwa kichwa chake. Kwa madirisha hakuridhika.

Siku ya vibanio, wakati wa chakula, alisimama mbele ya shuka lililotundikwa na kusema nao. Hakupanda juu ya kitu.

"Jamani, nimekwenda hospitali. Ninaumwa jasho la kichwa, na nimeumwa tangu nina miaka tisa. Nikiwa na hofu natoka jasho, nikiwa na furaha natoka, nikila nikishiba natoka. Siku ya harusi yangu walidhani nimelazimishwa."

Wakacheka.

"Mlinituma nikaenda na wanga kichwani na tumbo halina maji. Hilo kosa ni letu sote, na la kwangu ndilo kubwa, sababu kichwa ni changu. Lakini yaliyoandikwa ubaoni si kosa letu. Mtu amenitazama nyusi, akaandika kwamba madirisha hayana hoja. Nyusi zangu na misumari vinahusiana nini?"

"Na ukivuja tena?" Nyota akauliza, wala hakuuliza kwa kejeli.

"Nitavuja. Sikuahidi ukavu. Ukitaka mkavu, mpigie kibanio mkavu. Atakuleteeni feni."

Kamba zilipofunuliwa vibanio vilihesabiwa mbele ya wote: Mvua kumi na saba, Nyota kumi na vinne. Hazikulegea safari hii. Nyota akampa mkono, akasema, "Dada, umenipita kwa vibanio vitatu. Usivipoteze."

Siku ya kikao alikunywa maji bilauri mbili, akapanda ngazi na vitambaa viwili vya pamba, barua ya daktari na karatasi yenye tarehe zote alizozijua, maana alishajifunza kwamba hata kumbukumbu nzuri inaweza kukwama kooni.

Chai ikaja, inafuka.

"Asante, sinywi cha moto," akasema. "Nimekatazwa na daktari."

Meneja akarudisha kikombe kwenye sinia. Mvua alisikia utosi wake unaanza. Dawa ilikuwa imeshikilia, lakini boila lilikuwa chini ya miguu yake. Tone la kwanza likashuka. Meneja akachukua kalamu.

"Andika," Mvua akamwambia. "Sikuzuii. Andika saa nne na dakika tano mwakilishi anatoka jasho. Halafu ambatanisha na hii."

Akamsogezea barua. Meneja akaisoma yote, na uso wake ukabadilika. Ukawa laini, ukawa karibu wa ndugu.

"Dada yangu," akasema, "kwa nini hukusema? Hili ni jambo la afya. Sisi si wanyama. Pale mapokezi mama wa simu anastaafu mwezi ujao. Kuna kiti, kuna kiyoyozi, saa nane tu za kazi. Uanze hata Jumatatu."

Mvua alitamani, na msomaji asimdharau kwa hilo. Aliyaona mapokezi kama yalivyo: sakafu ya vigae, meza ya kioo, hewa baridi inayoshuka shingoni. Aliiona shingo yake imenyooka. Daktari alisema akipata mahali penye hewa aje wazungumze. Angepata vile vidonge, kichwa kingekauka kabisa kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Alikuwa amesubiri miaka thelathini na minne. Kitambaa kilikuwa kimeshalowa. Akakivua, akajifuta uso wote bila haraka, akafunga kile cha pili.

"Na uwakilishi?" akauliza.

"Kanuni unazijua. Mwakilishi hutoka ukumbini au kwenye magari, hatoki ofisini. Wenzako watachagua mwingine."

"Atakayeomba feni."

"Feni tunayo. Tungewapa hata wiki hii."

Hapo ndipo akaelewa kwamba feni ilikuwa imekwisha kununuliwa.

"Nakushukuru kwa kiti," akasema. "Kichwa changu kingefurahi. Lakini sikutumwa na kichwa changu. Tuendelee na madirisha."

"Tulishalizungumza hilo. Madirisha yakifunguliwa mashuka yanatoka."

"Mashuka yalitoka tarehe tisa, kumi na moja na kumi na nne, mwezi wa nane, kwa mlango mkubwa, kwenye gari jeupe la msimamizi wa bohari. Mlinzi aliandika namba ya gari kwenye daftari la getini, na daftari lipo. Namba ni hii." Akaweka karatasi mezani. "Hata hivyo, tuseme mnaogopa madirisha. Boharini, nyuma ya mapipa ya sabuni, kuna mikunjo sita ya wavu wa chuma. Ilibaki ulipojengwa uzio. Niliishusha mimi na wenzangu watatu. Wavu ukipigiliwa dirishani, hewa inapita na shuka halipiti. Hakuna cha kununua."

Meneja alikuwa anaandika. Mvua akainama juu ya meza kusoma maneno yanayoandikwa, maana alishajua nguvu ya maneno hayo. Aliona *mwakilishi amekataa msaada uliotolewa na*, na kabla hajafika mwisho, tone likaanguka kutoka kwenye nyusi zake katikati ya mstari. Wino ukatawanyika.

"Samahani," akasema. "Hilo limeharibika. Andika upya, na mara hii andika nilichosema kuhusu wavu. Nitakutamkia polepole."

Akatamka. Meneja akamtazama, akaitazama namba ya gari kwenye karatasi, akaitazama tena. Mpwa alikuwa wa mtu, na mtu huyo Meneja alimjua. Akachukua karatasi safi.

Walivutana saa nzima. Meneja akasema mawili, Mvua akasema manane. Meneja akasema manne ya upande wa uani, yale ya barabarani yanataka idhini ya juu. Mvua akasema ya uani yafunguliwe kabla ya Jumamosi, na hiyo idhini ya juu iandikwe itaombwa lini na nani. Alitoka jasho muda wote huo. Alijifuta kama mtu anayepangusa miwani, akaendelea na sentensi palepale alipoiachia. Mwisho Meneja akatia saini, naye akatia ya kwake, akaomba nakala.

Jioni binti yake aliposikia habari ya mapokezi, alikasirika kweli.

"Kiti, mama. Kiyoyozi. Ungekauka."

"Ningekauka."

"Wale kumi na wanne waliompigia Nyota wangekukatalia kiti kama wangekuwa wewe?"

"Baadhi wangekaa. Sitawalaumu."

"Mimi nakulaumu wewe," binti akasema, na hakumsemesha mpaka kesho yake mchana.

Seremala alikuja Ijumaa. Alikuwa yuleyule wa miaka mitatu nyuma, mara hii kaja na wavu wa boharini. Misumari ilikuwa imeshika kutu, akalazimika kuikata mmoja mmoja, na dirisha la kwanza lilipofunguka halikuingiza upepo wowote wa kusimulia. Siku ile hewa ilikuwa imetulia. La tatu lilipofunguka ndipo mvuke ukaanza kusogea, taratibu, ukielekea uani. Wapiga pasi wa meza za upande huo walisema wanasikia tofauti. Wa upande wa barabara walisema hawasikii kitu, na walisema kweli.

Mwezi uliofuata Mvua alirudi kwa daktari. Daktari akamkagua ngozi, akaridhika, akamwambia sasa apake mara mbili kwa wiki. Akauliza kuhusu ukumbi.

"Manne yamefunguliwa."

"Pale unaposimama wewe?"

"Meza yangu iko upande wa barabara."

"Basi vidonge bado."

"Najua. Sikuja kuviomba. Nimekuja kwa barua nyingine. Wenzangu sita wanaumwa kichwa na kizunguzungu, upande ule ule. Nataka kujua kama ukiwapima utaandika ulichokiona."

"Nikiwapima, nitaandika nilichokiona."

"Wako nje kwenye benchi," Mvua akasema, akaenda kuwaita.